Kageha, Nilikufundisha Vibaya

Kageha, mama,

Sitakuuliza kama u mzima kwa maana nakusikia. Uko hapo nje kwenye kamba ya nguo na jirani yetu Mama Shiku, anakwambia ukifika Marsabit umtafutie bwana mwenye ngamia, nawe unamjibu kwamba ngamia hatatoshea kwenye ploti hii ya Kalimoni, labda alale chooni. Mnacheka. Mimi niko ndani nyuma ya pazia, nimekaa kitandani na daftari lako la zamani juu ya magoti. Ukiingia nitajifanya nimelala.

Kesho alfajiri basi litakuchukua pale Thika. Mambo ya sweta, chanjo na chakula cha njiani mama yako ameshakwambia kwa simu kutoka Vihiga, tena kwa kurudia, kwa hivyo hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu. Tangu Alhamisi nimejaribu kulisema kwa mdomo, likifika kooni linarudi. Shule niliachia darasa la sita, unajua. Vumilia mwandiko.

Alhamisi yule mwenye ndege wa Marsabit alipopiga simu uliiweka kwenye spika ili nami nisikie. Ulikuwa umesimama hapa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika. Nimeyakumbuka maneno yake yote.

"Madam kapteni," akasema, "mimi nina ndege moja, na viwanja vyangu ni vya mawe na mbuzi. Njoo nikuone mwezi mmoja, halafu ndiyo tuongee barua ya kazi."

Ukamwambia asante, utakuja hata kesho.

"Lakini nikuambie mapema. Yule kijana aliyekuwepo alikuwa mwoga. Leo upepo, kesho jua kali, kesho kutwa mzigo umezidi. Kila siku ana sababu. Nikamwambia, kijana, nenda ukaendeshe tuktuk, huko chini hakuna upepo. Wewe si mwoga, sivyo?"

Nawe ukasema, "Hapana, sir. Mimi sikatai kazi. Baba yangu hakunilea hivyo."

Yule mtu alicheka sana. Akasema, "Mpe mzee asante."

Ulipokata simu ulinikumbatia ukiruka-ruka kama mtoto, kisha ukaniuliza, "Baba, mbona mikono ni baridi hivi?" Nikakwambia ni maji ya kuoshea vyombo. Sikuwa nimeosha chombo chochote. Ni lile neno lako lililonishika. Mimi ndiye niliyekufundisha, nawe ulilisema vizuri, bila kukwama, kama mtu anayesema kanisani aya aliyoikariri.

Ni kweli nilikulea hivyo. Ulipokuwa na miaka tisa tukiishi Kiuu, kabla hatujahamia huku, ulirudi kutoka shuleni ukilia kwamba mwalimu amekuchagua peke yako kuteka maji ya darasa zima. Nikakwambia mtoto wa mtu aliyetoka mbali hakatai kazi. Ulipofika darasa la saba nilikupeleka kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru wakati wa likizo. Mvua ilikunyeshea, ukapata homa, na siku ya pili nilikuamsha twende. Nilidhani nakupa ngao. Watu kama sisi, tuliokuja huku na begi moja na jina la mtu wa kututafutia kibarua, tuliamini kwamba dunia ina mlango mmoja tu, nao umeandikwa "sawa". Ukisema hapana, anaitwa mwingine. Wako wengi nje ya lango, wamekalia mawe, wanakusubiri useme hapana.

Halafu ukapata mfadhili, ukasomea urubani, na siku uliyoleta leseni hapa nyumbani niliishika kwa kitambaa ili nisiitie alama za vidole. Nilifikiri tumevuka. Sikujua miaka miwili inayokuja itakuwa namna ile. Kila kampuni inataka saa za kuruka, na saa huwezi kuzipata bila kazi, na kazi huipati bila saa. Nilikuona ukienda Nairobi na bahasha na kurudi bila bahasha. Nilikuona ukifagia banda la ndege za watu, bure, ili tu wakuzoee sura. Nilikuona pale Juja kwenye duka la kompyuta, umevaa shati lako jeupe la rubani kwa sababu mengine yamechakaa, ukiwachapia wanafunzi wa chuo kikuu kazi zao. Mmoja akakuuliza kama hilo shati ni la walinzi. Ulinisimulia ukicheka. Nilipotoka nje nikakaa kwenye ngazi za jirani kwa muda mrefu.

Ndiyo maana kila jioni nilikwambia lile lile. Usikatae chochote, mama. Wakikwambia beba mizigo, beba. Wakikwambia lala kwenye banda, lala. Nilikuwa nimekata tamaa kuliko wewe, na mtu aliyekata tamaa si mwalimu mzuri.

Sasa nikuambie kuhusu Njoroge.

Ulimjua. Ndiye aliyenipokea nilipofika kwenye timbo la mawe nikiwa sijui hata kushika patasi. Ndiye aliyekuletea maparachichi kutoka kwa mama yake, akakufundisha kuhesabu kwa Kikuyu, ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ, nawe ukawa unamhesabia meno yaliyobaki. Unajua alikufa timboni. Hujui alikufaje, na mimi najua.

Pale timboni, kabla watu hawajaanza kukata mawe asubuhi, mmoja hutangulia kupiga ukuta wa mwamba kwa kisogo cha nyundo, kutoka upande mmoja hadi mwingine, akisikiliza. Mwamba mzima unalia, unakurudishia nyundo mkononi. Mwamba ulioachana kwa ndani, ambao maji yamepita nyuma yake, haulii. Unasema "bup", kama ngoma ya isukuti iliyolala nje kwenye umande. Mimi nilipiga isukuti tangu nikiwa mdogo kwetu Maragoli, kwenye matanga na harusi, kwa hivyo sikio langu lilikuwa tayari. Njoroge mwenyewe ndiye aliyemwambia msimamizi, "Mpe huyu Mruhya nyundo. Ako na sikio." Ndivyo nilivyopewa kazi ya kugonga. Nikisema mbaya, sehemu ile haikaliwi na mtu mpaka iangushwe kwa mitaimbo kutoka juu, na kuiangusha kunakula siku nzima. Tulikuwa tunalipwa kwa jiwe. Siku isiyo na mawe haina unga.

Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Jumatatu nikagonga upande wa kushoto nikasema mbaya. Watu wakakaa bila kukata. Wakapanda juu kuuangusha, wakasukuma mpaka jioni, haukuanguka. Jumatano nikasema mbaya tena, mahali karibu na pale pale. Ukasukumwa, haukuanguka. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Unajua Wakikuyu wanavyotutania sisi Waluhya kwa kupenda kuku. Mmoja akaweka sikio kwenye mwamba akasema, "Ngai! Ni kweri. Kuku ameria huku ndani. Mruhya amesikia chakura." Timbo zima likaangua kicheko. Njoroge pia alicheka, Kageha. Hata mimi nilicheka, ungefanyaje. Lakini msimamizi hakucheka. Akanivuta kando akaniambia, "Baba Kageha, lori tatu zimerudi bure kwa sababu yako. Ukisema mbaya tena, nitatafuta mwenye masikio mengine."

Alhamisi nikagonga. Upande wa kulia ukalia vizuri. Katikati ukalia. Kushoto ukasema "bup".

Nilirudia, polepole. "Bup." Watu walikuwa wamesimama nyuma yangu na vifaa mabegani. Mmoja akalia kama jogoo. Msimamizi alikuwa ananitazama, na dereva wa lori alikuwa amewasha injini. Nikawaza juu yako, ulikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimetoka kumwahidi mwalimu wako kwamba hutakosa shule. Nikageuka.

Njoroge akaniuliza, "Iko sawa?"

Nikasema, "Iko sawa."

Akaenda kushoto. Pale palikuwa pahali pake, alipazoea. Na mimi, mama, nilichukua patasi yangu nikaenda kulia. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yako. Ningekuwa nimejidanganya kwamba pengine sikusikia vizuri, ningebaki karibu naye kama siku zote. Miguu yangu ilijua. Ilinipeleka upande mwingine.

Ukuta ulianguka kabla ya chai. Haukutoa mlio mkubwa, kama watu wanavyodhani. Ulishuka kama mzee anayeketi. Nilikuwa wa kwanza kufika na mtaimbo.

Kwenye mazishi, kwao juu ya Gatundu, walinipa nafasi nizungumze. Nikasema alikuwa ndugu yangu. Mkewe alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuwa mimi ndiye niliyemtoa chini ya mawe, na nilizipokea zile shukrani. Usiku wake ulikuwa hutaki kula. Ukaniuliza, "Baba, kwani siku hiyo hukugonga?"

Nikakwambia nyamaza, kula.

Ilikuwa haki yako kujibiwa. Nimechelewa miaka kumi na minne, lakini jibu ndilo hilo. Niligonga, nikasikia, nikasema sawa.

Usifikiri nakubebesha mzigo wa mtu aliyekufa wewe ukiwa mtoto. Ulikuwa shuleni, huna kosa. Ninakwambia kwa sababu ya swali nililokuuliza mwaka jana, tukimenya viazi, kama kuna kitu unakiogopa ukiwa juu. Ulidhani naongea tu kupitisha muda. Ukanieleza kwamba kule kaskazini, kwenye milima karibu na ziwa, upepo hugonga upande mmoja wa mlima, na upande wa pili unashuka kama maji ya maporomoko, na ndege ndogo ikiingia hapo inashuka nao. Ukasema jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi, ndege yenye mzigo inakimbia mpaka mwisho wa uwanja na haitaki kuinuka. Nikakuuliza, sasa utajuaje? Ukasema kuna hesabu zake na kuna vipimo, "lakini pia unajua tu, baba. Unaisikia kwenye kiti."

Nilijikata kidole siku hiyo, kama unakumbuka. Sababu ni hiyo. Nilikuwa nimeelewa kwamba nawe una sikio.

Kwa hivyo sina wasiwasi kwamba hutasikia. Wewe umesoma, utasikia kuliko nilivyosikia mimi. Ninachoogopa ni kile kitakachokuja baadaye, wakati umesimama kando ya ndege na watu wanakutazama. Na usitegemee kwamba atakuwa mtu mbaya. Msimamizi wetu hakuwa mbaya. Alikuwa na lori zinazomsubiri na mwenye timbo anayempigia simu. Yule tajiri wako naye atakuwa na mkopo wa ndege. Pengine atakuwa mkarimu, atakununulia chakula, atakuita binti yangu. Siku nyingine atakayekusukuma ni mama mjamzito amelazwa chini ya kivuli cha bawa, damu inamtoka, na ndugu zake wanakuangalia machoni. Hapo sijui utafanya nini. Hapo hata mimi sina neno la kukupa, nisikudanganye. Lakini siku nyingi haitakuwa damu. Itakuwa magunia. Itakuwa mtu ana mkutano. Na neno lako litakuwa limekwisha kuwa tayari mdomoni, lile nililoliweka mimi: mimi sikatai kazi.

Kageha, kataa.

Nimekaa na kalamu juu ya neno hilo muda mrefu kuliko barua yote. Mkono haujalizoea.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nimelijua mwenyewe juzi, nikiwa na mvi. Ijumaa, siku moja baada ya simu yako, niligonga mwamba kama kila siku. Upande wa chini, karibu na njia ya lori, ukasema "bup". Nadhani ulisema. Sikio langu si lile la zamani, vumbi limeingia. Lakini nikawaza, binti yangu jana amesema baba yake hakumlea hivyo. Nikageuka nikamwambia msimamizi, huyu mpya, kijana, hakumjua Njoroge, "Hapa ni mbaya. Mtu asikae."

Akaniambia, "Mzee, jana ulisema ni nzuri."

"Jana ilikuwa jana."

"Kwa hivyo tukae tu tukuangalie?"

Nikamwambia mimi siwezi kusema sawa. Akauliza nani mwingine anajua kugonga. Kijana mmoja wa Busia akainua mkono, akachukua nyundo kwangu, kwa adabu kabisa, "Samahani, mzee," akagonga mara mbili akasema, "Iko sawa." Wakaingia kazini. Msimamizi akaniambia niende nyumbani nikapumzike, na nisijisumbue kuja tena.

Nimefutwa, mama. Nilitaka kukuficha. Nimezunguka kurasa zote hizi nikitafuta namna ya kukuficha, maana najua ukijua, utapanda ile ndege ukiwa na mimi mgongoni, na utasema sawa kwa sababu baba hana kazi. Lakini kukuficha ni kukwambia iko sawa wakati nimesikia "bup". Siwezi tena.

Jana nilivaa buti nikatoka kama kawaida, ukanifungia chakula. Nilikwenda Thika, malango ya viwanda, nikakaa juu ya mawe na vijana. Waliniita guka, yaani babu, wakanipisha kwenye kivuli. Hakuna aliyeniita ndani. Nikala kile chakula hapo hapo nikarudi.

Kisha nikapitia timboni, nikasimama mbali. Ule mwamba haukuwa umeanguka. Walikuwa wamekata pale pale, mawe mazuri, yamepangwa. Yule wa Busia aliniona akanipungia mkono. Mmoja akalia kama jogoo. Sijui hata ni nani, wale wa zamani wote wameondoka, sijui utani ule umerithiwa namna gani.

Hili ndilo ninalotaka ulibebe, na kama barua nzima ni upuuzi, libebe hili tu. Ukikataa vizuri, hakuna kitakachotokea. Mlima utabaki pale, upepo utapita, jioni mbingu itakuwa safi kabisa, na rubani mwingine pengine ataenda na kurudi salama akinywa soda. Hakuna atakayekuja kukuambia ulikuwa na haki. Watakuita mwoga kama walivyomwita yule kijana wa kabla yako, ambaye yuko hai mahali fulani na tuktuk yake, na mama yake anamwona. Watakucheka, nawe hutakuwa na ushahidi wowote mkononi. Utarudi kulala ukiwa hujui kama uliokoa watu au ulipoteza kazi bure. Mimi sijui mpaka sasa. Nimelala siku mbili bila kujua. Lakini nimelala.

Ukitaka kujua uzito wa upande ule mwingine, mimi nimeubeba miaka kumi na minne, na huo hauna siku ya kupumzika.

Usinihurumie. Wewe ukishaondoka nitarudi Vihiga. Mama yako ana mahindi ya kupalilia na mgongo wake umechoka, atafurahi kunipigia kelele karibu badala ya kunipigia kwa simu. Hatutakufa njaa. Huna deni kwangu la kulipa kwa mbawa. Yule mtu akikufukuza baada ya wiki moja, rudi. Akikufukuza siku ya kwanza, rudi. Nitakuja stendi kukupokea na sitauliza kitu.

Naogopa, mama. Nakuita hivyo kwa kuwa una jina la mama yangu, na leo naogopa kama mtoto mbele ya mama yake. Siwezi kukuzuia usiende. Umengoja sana, na ukibaki hapa hilo duka la kompyuta litakumaliza polepole. Nenda ukarushe ndege. Unastahili anga ile. Lakini mdomo wako ni mgeni wa neno hili kama ulivyokuwa wangu, na neno geni haliji lenyewe watu wakikutazama. Kwa hivyo popote unaposoma barua hii, hata kama ni ndani ya basi na umekaa na mtu asiyekujua, sema kwa sauti sasa hivi: "Leo siruki."

Sema tena. Sikusikia.

Baba yako